Mti wa Nne

Nairobi, Sabato alasiri

Mama yangu,

Natumai barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na kuku wako hawajaibwa tena. Mimi mwili ni mzima, moyo usiniulize. Ninaandika kwa sababu kwa simu unanikatia kila nikianza. Wifi yangu Akoth akusomee, na asiruke neno hata moja ili kukufurahisha.

Mama, Desemba nilikuja nikakuambia wazi. Kule maabara tunatafuta dawa ya kupaka vidonda vya ngozi, na nilishawaambia wakubwa kwamba mama yangu wa Nyatike huponya miguu ya wachimba dhahabu wa Macalder, ile inayooza kwa kushinda majini. Nilijisifu, yawa! Ukanipeleka mlimani asubuhi na umande, ukanionyesha mimea mitatu, nikachuma, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Ukaniombea, nikapanda basi.

Basi nikakausha, nikasaga, nikaloweka, nikachuja. Huku tunapanda vijidudu kwenye visahani vyenye kitu kama jeli, halafu tunaweka tone la dawa katikati. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu hufa kulizunguka na hapo hubaki duara safi. Yako haikuacha duara. Vijidudu vilimea kama vimewekewa mbolea. Nilirudia mara tatu. Mkubwa wangu akachungulia, akasema, "Hii ya kwenu ni supu ya mboga." Wote wakacheka. Tangu siku hiyo mimi na digrii yangu tunaosha chupa.

Ndipo nikakupigia, nikakuambia umekuwa ukidanganya wagonjwa. Neno hilo unisamehe, lilinitoka kwa uchungu. Lakini wewe ulinijibu nini? Ulicheka kwanza.

"Kwani mti wa nne nilikupa? Dawa haiendi na msichana. Msichana ni wa kwa watu. Dawa ni ya Akoth, yeye ndiye wa boma hili."

Watu gani, Mama? Nina miaka thelathini na minne, huyo mume mwenyewe Mungu Nyasaye hajanionyesha hata kivuli chake, na wewe tayari umenitoa! Akoth simwonei wivu, amekutunza vizuri. Ila ni mimi niliyekushikia karai ukiosha vidonda vya watu, nikiwa mdogo, usaha siuogopi. Ungesema "sikupi", ningerudi mikono mitupu bila aibu. Ulinipa pungufu, kisha ukaniombea. Hilo ndilo limenichoma.

Sasa usimgombeze Akoth. Nilimlilia kwa simu mpaka akanitumia mzizi wa mti wa nne kwa basi, ameufunga kwenye leso. Wiki hii nimeuchanganya na ile mitatu, nikaupima. Mama, duara lilitoka pana, safi kabisa, hata yule mkubwa aliyecheka akaita wenzake waje waone. Nilitaka kukupigia pale pale, nikakumbuka ulivyonicheka, nikarudisha simu mfukoni.

Msalimie kaka yangu, mwambie asiingie tena kwenye mashimo yale ya dhahabu mvua ikinyesha. Nyanya mzaa baba mpe mikono yangu yote miwili. Shangazi wa Homa Bay anayeuza dagaa wa omena, mwambie mfuko wake ulifika, na jirani zangu walilalamikia harufu lakini walikula.

Kuna jambo moja limebaki, na afadhali ulisikie kwangu. Nilipewa karatasi ya kujaza, ya kusema dawa hii tumeipata kwa nani, ili jina lake liandikwe kwenye kila ripoti itakayotoka. Nilikaa na kalamu muda mrefu, nikalia kidogo, siwezi kukuficha. Halafu nikaandika jina la Akoth. Ulisema dawa ni yake. Lako halimo.

Ni mimi uliyenizaa,
Atieno