Bunduki Haikuwa na Kosa

Maskati,
18 Shaaban 1388

Kwa dada yangu Nasriya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nnataraji waraka huu utakufika hapo Mombasa nawe ni mzima wa afya, na lile goti lako limepoa. Sisi huku hatujambo. Rahila alikuwa na homa wiki mbili, sasa anapika na anagomba kama kawaida, basi nimejua amepona. Joto limeanza kuondoka. Tunalala na shuka sasa, na maji ya mtungi yanapoa yenyewe.

Dada, uliniuliza katika barua yako kwa nini siku hizi naandika mistari mitatu tu, kama mtu anayejaza karatasi ya forodhani. Haki yako kuuliza. Nilikuwa na dhiki ya moyo, na leo nataka nikueleze yote. Kaa kitako, usisome umesimama.

Unajua kwamba nimepata kazi kwa Shekhe Yaarub, mwenye duka la silaha Matrah. Wateja wake ni watu wa bara, watu wa milimani, ambao mtu mmoja ana bunduki moja tangu kwa babu yake, na risasi wanazihesabu kama tende za mwisho. Risasi mpya kuzipata ni shida. Kwa hivyo Shekhe ameleta kutoka Bombay baruti, fataki za kuiwashia, na vichwa vya risasi, ili tuyajaze upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Kujaza si kazi kubwa. Kazi ni kujua ujaze kiasi gani. Tunapima kwa punje, uzito mdogo kama wa punje ya ngano. Ukipunguza, risasi inachoka njiani. Ukizidisha, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Na baina ya hapo kipo kipimo kimoja ambacho bunduki inakipenda, risasi zote zikaenda pahala pamoja. Hicho ndicho nilichoajiriwa kukitafuta.

Nilimwambia Shekhe kwamba Unguja nilikuwa mpigaji wa kwanza katika klabu yetu ya shabaha, na kwamba maganda nikiyajaza kwa mkono wangu. Sikusema uongo. Alinikabidhi bunduki ya Kiingereza, ile ya risasi kumi, nzima, mtutu wake unang'aa ndani kama kioo. Akanipa na mtu wa kunisaidia, Bakhit, makamo yake kama yangu au kanizidi kidogo, mtu wa hapa hapa Matrah, mkimya, anayepima baruti kwenye mizani huku amezuia pumzi.

Basi kila Jumatatu na Alkhamisi tulipanda gari ya Shekhe, tukipita Ruwi na kuteremka hadi Ghubra, kisha tukipanda wadi, bonde kavu la mto, mpaka penye ukuta wa mlima, ambapo risasi haiwezi kumfuata mtu. Tuliweka meza, juu yake mifuko ya mchanga ya kuegemeza bunduki, na hatua mia mbele yetu ubao wa sanduku la chai uliobandikwa karatasi. Risasi tano za punje thelathini na sita. Tano za thelathini na saba. Tano za thelathini na nane. Hivyo hivyo mpaka arubaini. Kila tano na karatasi yake.

Dada, zilikwenda ovyo. Moja chini kulia, moja chini zaidi, moja nje ya karatasi kabisa. Tano za kipimo kimoja hazikujuana hata kidogo. Nilisema baruti imepata unyevu baharini. Tukafungua bati jipya. Hali ile ile. Nilisema vichwa havikukaa sawa kwenye maganda. Tukavikalisha upya kimoja kimoja. Hali ile ile. Nikausugua mtutu mpaka vidole vikachubuka, nikakaza skrubu za kitako, nikabadilisha fataki, nikalaumu upepo siku ambayo hata jani la mgunga halikutikisika. Miezi mitatu, dada! Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, Rahila akiniuliza chakula kina chumvi ya kutosha namjibu kama aliyenitukana. Na dukani wale wateja walikwisha kuanza kuniita "Zinjibari" kwa namna ile ya kucheka nusu mdomo. Walisema Kiarabu changu kimepinda, na risasi zangu zimejifunza kwangu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu. Siku moja Shekhe aliniuliza mbele ya watu, duka limejaa, lini atapata jawabu. Nikamwambia jawabu halitapatikana maadamu anayepima baruti ni Bakhit. Nilisema mkono wake mzito, na pengine anaharibu makusudi kwa sababu kazi hii aliitaka yeye kabla sijaja. Hakuna aliyenambia hayo. Niliyatunga pale pale, ulimi ukanitangulia. Bakhit alikuwa amesimama kando ya mizani. Aliniangalia, kisha akaendelea kufuta kijiko chake kwa kitambaa. Shekhe akasema Alkhamisi atakuja mwenyewe aone, na siku hiyo ndiyo ataamua nani abaki na nani aende.

Alkhamisi ile tulikwenda sote watatu. Bakhit alimwomba Shekhe idhini ya jambo moja tu: kwamba yeye ndiye atakayeitia risasi bunduki, moja moja, na mimi kazi yangu iwe kupiga. Nilikubali kwa dharau, nikidhani anataka kuonyesha usafi wa mikono yake. Nikakaa mezani. Akanipa bunduki, nikapiga. Chini kulia. Akaichukua, akatia nyengine, akanirejeshea. Nikapiga. Chini zaidi. Mara ya tatu nikalenga, nikavuta pumzi, nikaminya kifyatulio polepole kama nilivyofundishwa.

Haikulia. Ilisema "tak" tu, kama mtu aliyegonga meno. Lakini mtutu, dada, mtutu ulizama mbele yangu kama punda anayeinamia maji. Bega langu liliruka, macho yangu yalikuwa yamefumba, na mkono wa kushoto ulikuwa umeibana ile bunduki kama inataka kunikimbia. Na haikutoka risasi. Bakhit alikuwa ametia ganda lenye kichwa, lakini tupu ndani, na fataki yake imekufa.

Alisema kwa sauti ya chini, "Baruti haimo humo, Harub. Basi aliyeitikisa bunduki ni nani?"

Shekhe Yaarub alimwashiria Bakhit akae yeye. Bakhit akakaa, akapiga tano za punje thelathini na nane, bila ya haraka, akinywa maji baina ya moja na nyengine. Tulipokwenda kutazama, ungeliweza kuyafunika matundu yote matano kwa finjani ya kahawa. Kipimo kilikuwa ndicho tangu mwezi wa kwanza. Baruti ilikuwa nzuri, mizani nzuri, bunduki nzuri. Kibovu kilikuwa mimi.

Njiani kurudi Shekhe alikaa mbele na dereva, mimi na Bakhit nyuma pamoja na mifuko ya mchanga. Nilingoja anicheke. Badala yake aliniuliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia, "Nani alikufa?" Akasema amewahi kumwona mtu wa namna yangu, askari mmoja wa zamani, anafumba macho kabla ya mlio. Akasema mtu haogopi bunduki bure. Nami, dada, nilimwambia. Kwa Kiarabu changu kilichopinda nilimwambia mtu baki, ambaye siku tatu nyuma nilimsingizia, jambo ambalo sijakwambia wewe uliyenibeba mgongoni. Tangu hapo sijalala vizuri, nikifikiri kwamba Bakhit analijua na Nasriya halijui.

Basi lisome sasa.

Asubuhi ile ya mapinduzi ya Januari, kule shamba Unguja, wewe ulikuwa mjini, nyumbani tulikuwa mimi na kaka yetu Thani tu. Kaka alikuwa amefunga milango na madirisha yote. Jirani yetu Marhoon alipita uani kwa nyuma, akatwambia tunyamaze kabisa, wala tusiwashe moto. Alisema watu wenye silaha wakija kumuuliza, atawaambia nyumba hii haina mtu, wenyewe wamekimbilia mjini. Na wallahi ndivyo alivyowaambia. Nilikuwa juu, nikamsikia kwa masikio yangu akisema hivyo. Wakamwamini. Wakapita. Walikwisha kutupa mgongo, wameshafika kisimani.

Nilikuwa na bunduki ya klabu mkononi. Thani alikwisha kunikataza nisiiguse. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpigaji wa kwanza, na nilikuwa na hofu, na hasira ya kuona nina hofu. Nikafikiri nikipiga moja juu ya vichwa vyao watakimbia wasirudi tena. Nikafungua dirisha kidogo, nikapiga. Hawakukimbia. Waligeuka.

Thani hakunigombeza. Alinishika ukosi akanishusha mpaka jikoni, akanitoa kwa mlango wa nyuma kwenye mihogo, akasema, "Nenda, mimi nitazungumza nao." Kisha akaenda kuwafungulia mlango wa mbele, ili wasizunguke nyuma. Yaliyofuata niliyasikia, sikuyaona. Risasi ilikuwa moja.

Watu waliposema kwamba Marhoon ndiye aliyeionyesha nyumba yetu, mimi sikusema ndiyo. Lakini sikusema la. Nilikaa pale matangani, wewe unamlaani mtu yule kwa machozi, nami naangalia mkeka. Nilijiambia nitakwambia ukipoa. Kisha tukatawanyika, wewe Mombasa, mimi huku, na kila mwaka uliopita uliifanya kauli kuwa nzito zaidi. Wewe ukamwona Marhoon kuwa ndiye muuaji, nami nikajificha nyuma yake.

Sasa umeniandikia kwamba Marhoon naye yuko Mombasa, kwamba mwanawe ameleta posa kumtaka Aliya, na kwamba umewarudisha washenga mlangoni kwa maneno ambayo hata hukuweza kuyaandika. Umesema binti wa Thani hataolewa katika nyumba iliyomuua babake. Nilipoyasoma hayo ndipo nilipojua siwezi tena kunyamaza. Nyumba ile ilitaka kumwokoa Thani. Aliyemrudisha muuaji mlangoni ni mimi, kwa risasi moja ambayo haikumgusa mtu.

Huku nimeanza na lililo karibu. Juzi nilisimama katika duka lile lile, mbele ya wateja wale wale, nikasema kwamba nilimzulia Bakhit, na kwamba mkono wake ni msafi kuliko wangu. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Shekhe ameamua Bakhit awe mpigaji na mimi nijaze maganda. Nimekubali. Sijashika kifyatulio tangu siku ile, na sioni kama nitashika tena.

Pamoja na waraka huu nimetia mwengine wa kumpa Bwana Marhoon. Sikuufunga kwa gundi, ili uusome kabla hujampelekea. Nakuomba umpelekee kwa mkono wako, si kwa mtu. Kuhusu posa, kijana mwenyewe simjui, pengine hafai kwa sababu zake mwenyewe. Hilo mtaamua nyinyi na Aliya. Lakini asikataliwe kwa damu ya Thani.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukitaka kukaa mwaka bila ya kuniandikia, nitajua unasoma hii barua tena na tena, na nitangoja. Ila nakuomba usimfiche Aliya. Ana miaka kumi na tisa, na amefichwa vya kutosha. Msomee mwenyewe, polepole, na ukifika pale penye kisima usiruke.

Rahila anakusalimu, naye pia amelijua jana tu; alilia, kisha akanipikia. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Aliya mpe salamu zangu mwisho kabisa, baada ya kumaliza kumsomea, kama atakuwa bado anazitaka.

Ni mimi nduguyo,
Harub