Mlioshika Miiko ya Wenzenu

Yaya Paluku, kaka yangu,

Huku Butembo kahawa imechanua, mama bado anakohoa, na mimi ningali na swali langu lilelile: kwa nini mliungana, na kwa nini mkaachana? Unanijua. Ulizoea kusema Masika akianza kuuliza, hata kuku wanahama kiwanja.

Nakumbuka ulivyotoka msituni umekonda, nikakupakulia sombe, majani ya muhogo uliyoyapenda, ukaisukuma kando. Nilishangaa, maana mwenye dawa wenu, aliyewakinga na risasi, alikataza maharage tu. Sombe ilikuwa mwiko wa wale wapiganaji wa Beni, mlioungana nao kuwafukuza askari wa kigeni. Mlikubaliana kila kundi lishike na miiko ya wenzake, basi mkabaki na ndizi za kuchemsha. Nilicheka sana. Wewe ukaniambia, "Masika, adui akikuwa mukubwa, mwiko ya mwenzako haina uzito."

Kisha askari wale wakaondoka. Ikabaki barieri, kile kizuizi cha njia ya Beni, pale magari ya kahawa yalipolipa ili yapite. Wale wa Beni wakaanza kula maharage mbele yenu, nanyi mkala sombe mbele yao. Pasta anasema ni shetani. Wafanyabiashara wanasema ni barieri. Mimi najua maharage yalitangulia risasi, ila sijui kama barieri haikutangulia maharage. Ulifia palepale, kwa mkono wa mtu mliyekunywa naye maji ya kiapo. Inaniuma, Yaya. Hata sasa ninapoandika inaniuma.

Nakuandikia kwa sababu askari wa kigeni wamerudi, na makundi yale yameungana tena. Mdogo wetu Kasereka aliitwa, naye akakubali. Juzi kamanda wa wale wa Beni alifika hapa nyumbani, mtaani Bulengera, kutupa pole kwa ajili yako na kumchukua Kasereka. Mama alitaka nimfukuze. Mimi nilimwekea kiti, maana nilitaka jibu. Nikamuuliza umoja wao wa safari hii utadumu mpaka lini.

Hakukasirika. Alifikiri kweli, kofia mkononi.

"Dada, mpaka bale batoke."

Nikamuuliza, na wakishatoka?

"Pale kila mutu atachunga batu bake."

Wote niliowauliza tangu ufe, hakuna aliyenijibu waziwazi hivyo. Nilimshukuru, na shukrani yangu haikuwa ya mdomoni tu. Kasereka alikuwa ameketi kando yake na begi magotini. Alisikia yote. Alimtazama yule kamanda, akanitazama mimi, kisha akainuka akalirudisha begi chumbani. Asubuhi yake alikwenda Mangina kulima kakao ya mjomba.

Kamanda alisema atapita tena. Apite. Atanikuta mlangoni, na nina mengine ya kumuuliza.

Pumzika, Yaya. Wewe sikuweza kukuzuia. Huyu nakuahidi atazeeka.

Dada yako,
Masika