Afadhali Vikwazo

Jumamosi, jioni. Ukungu umekaa juu ya migomba tangu asubuhi na mvua ya manyunyu haikati wala haiongezeki. Nimejifunika blanketi, nimesogea pembe ya dirisha, maana hapa tu ndipo mtandao unapokamata.

Leo sina raha, na sitajifanya ninayo.

Wachache mnaosoma hapa hamnijui, ndiyo maana ninaweza kuandika. Ana kwa ana siwezi. Hata mwalimu alipokuwa akiniita nisome mbele ya darasa, nilikuwa nasoma kwa kunong'ona. Majina yote ya leo nimeyabadilisha. Dada yangu nitamwita Anisia.

Anisia yuko Kuwait, anafanya kazi za ndani. Lakini hapa kijijini kwetu Ntobeye kila mtu anajua yuko Mwanza, anajifunza ushonaji.

Hiyo Mwanza ni ya baba. Baba ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, zile familia chache za jirani tunaokutana kila Jumamosi asubuhi kusali, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Wakati mmoja binti wa kilima cha pili alirudi kutoka Uarabuni akiwa haongei na mtu yeyote, anakaa tu jikoni anaangalia moto. Baba alisimama jumuiyani akasema mzazi anayemtoa mwanawe kwa wakala hana tofauti na aliyemuuza. Aliyasema kwa nguvu, na watu wakaitikia.

Mwaka haukuisha, Anisia akaondoka. Hakuaga. Alikutana na wakala Kabanga, kule mpakani na Burundi, akapanda basi, na simu yake ya kwanza ilitufikia akiwa tayari uwanja wa ndege Dar es Salaam. Kesho yake jirani alipomuuliza mbona Anisia haonekani, akajibu, "Yuko Mwanza."

Neno lilimtoka hivyo, halafu likawa letu sote.

Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kazi yangu ni kwenda shamba na mama, kuchota maji, na kusikiliza redio. Siku hizi nasikiliza redio kuliko kawaida. Wiki nzima habari ni ile ile: mpango wa nyuklia wa Iran. Mataifa makubwa yanataka Iran iache kurutubisha urani, Iran inasema ni kwa ajili ya umeme na ni haki yake. Wapo wanaotaka iwekewe vikwazo vikali zaidi. Wapo wanaosema vikwazo havitoshi, zipelekwe ndege zikapige. Na Iran inasema ikipigwa itajibu, hata kwenye nchi za jirani zenye kambi za Wamarekani.

Kuwait zipo kambi. Anisia anasema ndege zao humpita juu anapoanika nguo kwenye paa.

Mama aliniuliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, hao watu wanafanya kitu gani hasa. Nikamwambia wanarutubisha madini. Akauliza, "Wanayatia samadi?" Tukacheka wote wawili, mama akashika mbavu. Nadhani ndicho kicheko pekee cha nyumba hii kwa wiki hii.

Alhamisi Anisia alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa ananong'ona, nyuma yake maji yanachuruzika, nafikiri alijifungia bafuni. Alisema mabosi wake wameanza kupanga mabegi. Hali ikichafuka watapanda ndege waende Uturuki na watoto wao, na yeye atabaki kulinda nyumba. Pasi yake ya kusafiria imefungiwa kabatini, ufunguo anao mama mwenye nyumba. Hakulia. Mwishoni alisema, "Mniombee."

Mama alirudia kuusikiliza, kisha akasema, "Tutamwombea vipi?"

Asiyesali kwenye jumuiya kama yetu hataelewa swali hilo. Sisi nia huwa tunazitaja. Mgonjwa anatajwa jina, msafiri anatajwa na anakokwenda. Baba mwenyewe hupenda kusema kwamba Mungu anajua yote, lakini na sisi tujue, ili tuombe kwa moyo mmoja. Sasa tumtaje Anisia tuseme nini? Anayejifunza kushona Mwanza aombewe asipigwe kombora?

Jana nilitumwa kiberiti dukani. Wazee na vijana wa bodaboda walikuwa kwenye benchi wanabishana juu ya Iran kama wanavyobishana juu ya mpira. Mzee Fidelisi, ambaye hujua jibu la kila kitu, alikuwa anasema, "Wapigwe tu. Asiyesikia la mkuu."

"Wakipigwa wao mafuta yanapanda hapa, mzee," kijana mmoja akamwambia. "Utakwenda Ngara mjini kwa miguu."

"Nitakwenda. Nilikuwa nakwenda kwa miguu kabla mama yako hajaota meno."

"Sasa magoti yatakubali?"

Walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, nikachukua kiberiti changu. Njiani niligundua nimekikamata mpaka kimebonyea.

Sikuwachukia. Wao wana haki ya kucheka. Iran kwao ni habari tu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia ninachokiomba moyoni: afadhali vikwazo. Vikwazo ni karatasi, nikasema. Nchi inazuiwa kuuza na kununua, basi, hakuna nyumba inayoanguka. Tulisoma hivyo kwenye Historia.

Mama hakuinua macho kwenye ndizi. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, kwao karibu na Kabanga, nchi za jirani, na yetu ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo. Mpaka ukafungwa. Ndugu zake wa upande wa pili walikuwa wanavuka alfajiri kwa njia za porini, wanawake wamejifunga vitenge viwili, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kubadilisha na chumvi. Shangazi yake mmoja alifiwa na mtoto kwa sababu dawa hazikuwapo zahanati. "Wakubwa wao hatukusikia wamekosa sukari," mama alisema. Kisha akaniagiza niongeze kuni.

Tangu hapo sina pa kushika.

Maana bado naomba vikwazo. Najua sasa ni nini, najua vitamfikia nani, na bado naviomba. Huko Iran lazima yupo mama anayehesabu vidonge vya mwanawe, na mimi, msichana wa Ntobeye niliyesoma mpaka kidato cha nne, nasali yeye avikose ili dada yangu aendelee kuanika nguo za watu juu ya paa. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna hii. Nimekuwa bila mtu kunifundisha.

Leo jumuiya ilikuwa kwetu. Tulitandaza mikeka na kuazima viti viwili kwa ajili ya wazee. Rozari ikaenda vizuri, Injili ikasomwa, tukafika kwenye nia. Desturi ni kwamba wenye nyumba wanaanza. Baba akasimama, akakohoa, akasema, "Sisi wenye nyumba tunaombea mvua isiharibu maharage, na tunamwombea binti yetu huyu matokeo mema."

Watu wote wakanitazama kwa upendo. Mama alikuwa anatazama mkeka.

Sijui nilisimamaje.

"Tuwaombee wanaoishi jirani na Iran," nikasema. "Wasipigwe mabomu."

Hakuna aliyeitikia. Mzee Fidelisi akageuza kiti chake cha kuazima. "Iran? Iran na Ntobeye wapi na wapi, binti? Huko hata nzige wetu hawafiki."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mtu akasema shule imemkaa huyu. Baba alikuwa bado amesimama, kwa hiyo tulikuwa wawili tuliosimama. Akasema, "Hizo ni siasa. Jumuiyani tuombe mambo yetu." Akakaa.

Lakini mama akaitikia. "Ee Bwana, utusikie." Kwa sauti kubwa, peke yake. Kisha kutoka karibu na mlango sauti nyingine ikaitikia pamoja naye, na baada ya hapo wengine wote wakafuata kwa mazoea tu.

Ile sauti ya mlangoni ilikuwa ya Mama Kulwa. Yeye na mumewe walihamia hapa kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. Kihangaza hakijamkaa vizuri, hivyo hukaa mlangoni na hasemi sana. Sala ilipoisha na watu wanakunywa uji, alinifuata jikoni, akajifanya anatafuta pa kusuuzia kikombe.

"Wewe mtoto," akaniuliza, "una nani huko?"

Nikamwambia sina mtu.

"Haya. Mimi ninaye. Doto wangu."

Nilijua Doto, binti yake, ameolewa Bisibo, kule Biharamulo. Sote tulijua hivyo, tena tuliambiwa harusi ilikuwa ndogo kwa sababu ya msiba upande wa bwana. Mama Kulwa akasema Doto yuko Dubai, analea watoto wa watu. Alikuwa ameshaondoka siku ile baba aliposimama na kusema wazazi wa namna hiyo wamewauza watoto wao.

"Nilikuwa nimekaa palepale mlangoni," akasema. "Na mimi nikaitikia kama wenzangu. Ningefanyaje?"

Nikasema, "Anisia."

"Si Mwanza?"

"Si Mwanza."

Nilingoja akasirike. Angekuwa na haki. Kama baba angesema ukweli mapema, mama yangu na Mama Kulwa wangekuwa wamekaa mkeka mmoja miezi yote hii, wanataja majina mawili. Badala yake kila mmoja amelala na wake peke yake, nyumba zetu zikitazamana. Hakukasirika. Alishika ukingo wa meza ya vyombo akanisogelea.

"Wewe umesoma, hebu niambie. Wale wakitaka kupiga, huwa wanatangaza kwanza, watu watoke?"

Nilipitia masomo yangu yote. Uraia, Historia, Jiografia. Naweza kueleza mikataba, naweza kuchora ramani ya Ghuba bila kutazama kitabu. Jibu la swali hilo sikulikuta popote.

"Sijui, mama."

"Kumbe hata shuleni hawasemi," akajibu. Akaweka kikombe, hakukisuuza, akaenda zake kwenye manyunyu.

Mchana nilimtafuta baba nimwombe radhi. Nilimkuta migombani, amenipa mgongo, simu ya mama iko sikioni. Nilidhani anaongea na mtu, nikasimama. Ilikuwa ile sauti ya Anisia ya Alhamisi. Pale inapoanza, "Shikamoo baba, shikamoo mama," baba akajibu, "Marahaba, mwanangu." Sauti ikaendelea bila kumsikia. Ilipoisha akairudisha mwanzo, akajibu tena.

Nikarudi nyuma polepole. Radhi sikuiomba. Nilitaka kumwambia habari za Doto, nikaona si zangu kutoa, na siri ya baba mwenyewe nimeshaitoa. Sijui kesho kanisani nitamtazama nani usoni.

Redio ya saa kumi na mbili imesema mazungumzo yameahirishwa na hakuna tarehe mpya. Msomaji wa habari aliisoma kwa sauti ile ile anayosomea bei ya kahawa. Halafu wakapiga muziki.

Nimemwandikia Anisia. Nimefuta mara nyingi, maana kila nilichoandika kilikuwa ama uongo au cha kumtisha. Mwishowe nimeandika hivi tu: Tumekuombea, jumuiya nzima.

Ni kweli. Waliitikia wote, hata Mzee Fidelisi. Lakini walikuwa wanawaza maharage yao, hawakujua wanamwombea binti waliyemwona akikua, na huenda wangemjua wasingeitikia kabisa.

Ujumbe umeondoka, una tiki moja. Huko sasa kuna giza kama hapa.

Je, sala ya watu wasiojua wanamwombea nani, inafika?