Meno ya Mzee Mpishi

Karakana ya Meno, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la miwani.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko? Wifi yangu je, mgongo umempa nafuu? Mimi mzima, ukiacha macho, ambayo siku hizi yanataka taa mbili kwa kazi ya taa moja. Uzee haupigi hodi.

Picha ya mwanao wa mwisho akiwa kibogoyo nimeipata, nimecheka peke yangu mpaka nikasahau nta motoni. Mwambie shangazi yake hatengenezi meno ya maziwa, asubiri tu yaote.

Sasa nikupe kilichonifanya nishike kalamu. Jana nimekula dimsamu. Usicheke jina. Ni vyakula vidogo vidogo vya Kichina, vinapikwa kwa mvuke na kuletwa mezani ndani ya vikapu vya mianzi, na chai inamiminwa hata hujaomba.

Kazi yangu unaijua. Daktari anachukua alama ya kinywa cha mgonjwa, ananiletea umbo lake la plasta, nami natengeneza meno ya bandia. Miaka ishirini na sita nawajua watu kwa fizi zao, sura sizijui. Mtu anaweza kunipita barabarani na kazi yangu yote mdomoni, asinisalimie. Simlaumu, atanijuaje?

Lakini mwezi wa nne alipanda ngazi mzee mmoja wa Kichina, mpishi mstaafu wa mgahawa ulio karibu na posta. Meno ya chini niliyomtengenezea yalikuwa yanambana, na daktari alikuwa safarini. Nikayapiga tupa kidogo, akajaribu, akatikisa kichwa. Alirudi mara tatu. Lugha yetu anaijua ya kuombea maji tu, yake mimi sijui hata salamu, basi tukawa tunaelewana kwa vidole na kukunja uso. Mara ya tatu nikampa kipande cha tofaa. Akakitafuna polepole, akafumba macho, akameza. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, wala hakuuachia upesi. Tangu mama atutoke sijashikwa mkono namna ile.

Wiki iliyopita akaja bila kuumwa. Aliniwekea kadi ya mgahawa mezani, nyuma ameandika Jumapili, saa tano. Akajigusa kifua, akanigusa bega. Nikaelewa ni mimi na yeye.

Wewe sikufichi. Nilisuka nywele, nikashona upya pindo la gauni la bluu, nikapaka yale manukato uliyoniletea, ambayo nayatunza kama dawa ya macho. Siku tatu nilikuwa nayachekea meno ya watu karakanani. Usinielewe vibaya, mzee ana miaka themanini. Sikuwa nimepata mchumba. Nilikuwa nimepata mtu wa kula naye.

Kufika, naonyeshwa meza ya duara, kubwa kama gurudumu la trekta, na watu kumi na mmoja wameizunguka. Wana, wakwe, wajukuu. Mzee akasimama, akasema maneno mengi, kisha akaachama kinywa na kugeuka huku na huku wote waone. Wakapiga makofi. Kiroboto, walikuwa wanayapigia makofi meno! Sikujua nicheke au niombe ardhi ipasuke.

Wakaniketisha kando ya mkwe wake. Vikapu vikaja: vifuko vya unga vyenye kamba wa baharini ndani, mikate myeupe laini kama shavu la mtoto, miguu ya kuku iliyoiva ikalegea. Nikapambana na vijiti mpaka kifuko kimoja kikaniponyoka, kikatua ndani ya chai ya mkwe. Wakacheka kwa upole, wakarudi kwenye lugha yao, huyu akidakia neno la yule, nami nikabaki natabasamu na vikapu. Kweli nakuambia, chumbani kwangu sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya watu wale wema.

Mkwe akaniinamia, akanisemesha kwa lugha yetu. "Samahani mama, tunakusahau."

"Hapana, mwanangu. Nashiba kwa kuwatazama."

"Baba alikuwa hali chakula na sisi," akasema. "Miaka miwili. Alikuwa anaona aibu mbele ya wajukuu. Tunampelekea uji chumbani, anafunga mlango. Leo ndiyo mara ya kwanza amerudi mezani. Akatuambia hakuna kugusa kitu mpaka mama wa meno afike."

Nikamtazama mzee. Alikuwa anamung'unya mguu wa kuku, kifupa baada ya kifupa, hana habari na mtu. Nami nikaweka vijiti chini.

Maana mimi nina meno yangu yote, na ninakula kama alivyokuwa akila yeye. Nafunga mlango. Nasimama jikoni, nakula sufuriani, nikimaliza naosha kijiko kimoja. Ukinipigia na kuniuliza nakula na nani, nakwambia nipo na mwenzangu wa kazini. Mwenzangu alihama mwaka juzi. Sikukuambia, nisije nikakutwika mzigo juu ya mzigo wako. Nisamehe.

Wakati wa kuagana mkwe alisema baba anataka niwe naenda kila Jumapili. Nikaitikia. Huenda nitakwenda. Ni watu wazuri sana, ila si watu wangu.

Kwa hiyo nina ombi. Siku yoyote barua hii ikishafika, mkikaa kula, nipigie, halafu usiseme nami. Weka simu katikati ya sahani, mle kama kawaida yenu, mgombanie mnofu, mumkaripie anayetafuna kwa kelele. Mimi huku nitakuwa nimeketi kwenye kiti, chakula kiko kwenye sahani, nawasikiliza. Msikate mpaka wa mwisho aondoke mezani.

Nisalimie wifi, wanangu wote wawili, na mama mkwe wako, mwambie ugomvi wetu wa harusini nimeshausahau. Mungu awape riziki, na awape wa kuila nao.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na sijachoka,
Dada Mkubwa