Kidonge Pembeni ya Ugali

Mjukuu wangu Neema,

Amani ya Bwana ikukute huko Dodoma. Huku Mbozi kahawa imechanua, nyumba nzima inanukia. Mjomba wako yuko Tunduma, anasema foleni ya malori ya mpakani imefika hadi kijiji cha Mpemba.

Umeniuliza kama kumeza dawa za akili ulizopewa hospitali ni kukosa imani.

Nilipokuwa msichana, dada yangu Tusekile alikuwa anasikia sauti. Majira kama haya alitembea kwenye ukungu kati ya miti ya kahawa, maua meupe yakimdondokea kichwani, akiwajibu watu tusiowaona. Hospitali walimpa vidonge, akavificha chini ya godoro. Alisema akimeza atakuwa amemwambia Yesu hatoshi.

Mchana mmoja akaja mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyezoea kumwombea. Mama yetu alikuwa amepakua ugali na maharage. Mgeni akaomba aletewe kimoja cha vile vidonge, akakiweka pembeni ya sahani ya Tusekile, akamwambia aombee chakula. Dada akaomba, kisha akabaki anakitazama kile kidonge.

“Umeshakiombea,” mgeni akasema taratibu. “Kwani ugali ukishauombea huwa unauacha?”

Dada akacheka. Tulikuwa tumekisahau kicheko chake. Kisha akakimeza kile kidonge.

Sauti hazikukoma siku ile. Zilififia polepole, kama ukungu unavyoliacha bonde. Leo bibi yako Tusekile ameketi hapa karibu yangu, anachambua maharage. Nimemsomea ujumbe wako. Amesema, “Mwambie akishaomba, asibakize kitu kwenye sahani.”

Ni mimi bibi yako, ninayekutaja kila jioni katika maombi.