Kitambaa Kilichofumuliwa Mbele ya Wageni

Ajiambo mjukuu wangu,

Huku Funyula sote tu wazima, na ng'ombe wa babako amezaa. Unaniuliza kama uache kufuma, kwa sababu sweta umeifumua mara tatu.

Babu yako alipoleta wazee kwetu kuniposa, miaka ile ya sitini, nilitandika kitini kitambaa nilichokifuma kwa spoki ya baiskeli. Kosa la katikati nilikuwa nimelificha kwa fundo. Mamake babu yako, aliyekuja nao, akaliona. Mbele ya watu wote akavuta uzi, polepole, mpaka kitambaa kikaisha. Shangazi yangu akainamisha kichwa. Nikajua nimekataliwa.

"Leta hiyo spoki tuanze," mamake babu yako akaniambia. "Changu kilifumuliwa mara nne."

Chai ya wageni ikapoa tukifuma.

Wewe umefika mara tatu tu.

Nyanya yako