Nilimpa Kitambulisho cha Mtu Mwingine, Sasa Ameshtakiwa Peke Yake

Bi Umulkheir mpendwa,

Shikamoo. Nakusoma kila Ijumaa na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia, lakini nina jambo ambalo nimeshindwa kumwambia hata mume wangu, na nikikaa nalo wiki moja zaidi kuna mtu ataumia kwa ajili yangu, kwa hiyo naomba unisikilize hadi mwisho hata kama utanikasirikia.

Mimi ni mtu wa bara, kwetu ni Bomet, nina miaka saba hapa Lamu, na kazi yangu ni kusimamia chumba cha kufulia katika hoteli moja ndogo kule Ras Kitau. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na msichana aitwaye Hamdu, akaolewa Mombasa, akaondoka akiamini kitambulisho chake kimepotea, akatafuta kingine, na mimi nikaja kukiona kile cha zamani nyuma ya mashine ya kufulia nikakitia kwenye droo. Wiki hiyohiyo akaja Ummu kuomba kazi. Alisema ametoka kisiwa cha Kiwayu. Nilimpa shuka moja apige pasi nimtazame, na kabla hajaimaliza nilikuwa nimeshaamua kumchukua. Nikamwomba kitambulisho. Akaniambia ukweli bila kuzungukazunguka, kwamba alizaliwa upande wa pili wa mpaka, katika visiwa vya Wabajuni vya Somalia, baba yake akamleta Kiwayu akiwa na miaka tisa walipokimbia vita, baba akafa kabla hajamwandikisha popote, na kila alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete karatasi za baba.

"Bi Chelangat," akaniambia kwa Kibajuni chake, "huko nilikozaliwa sikumbuki hata ndia ya kwenda kisimani. Mimi sina nti nyingine."

Nikamwonea huruma. Pia, nikisema kweli, hoteli ilikuwa imejaa wageni na sikuwa na mtu. Nikatoa kile kitambulisho nikamwambia atumie, nikamwandika kwa jina la Hamdu. Yeye alisita. "Na wakiuliza?" Nikamwambia wakiuliza, nitajibu mimi.

Kwa miaka mitatu hakuchelewa, hakuomba likizo, na hata Idi nilimwomba abaki, akabaki. Halafu mwezi uliopita maofisa wa uhamiaji wakaja asubuhi na polisi, wakatupanga uani, wakakagua kadi moja moja. Ofisa akaitazama picha, akamtazama Ummu, akamwuliza tarehe ya kuzaliwa. Akakosea. Meneja wetu, Bwana Owen, akanigeukia mbele ya watu wote: "Chelangat, ulijua?"

Nikasema, "Sikujua. Alinidanganya."

Ummu akanitazama kidogo tu, kisha akamwambia ofisa kwa sauti ya kawaida, "Kweli. Nilimdanganya." Akaomba ruhusa achukue buibui lake, wakampeleka.

Sasa yuko rumande. Ameshtakiwa makosa mawili, kuwa nchini bila kibali na kutumia kitambulisho cha mtu mwingine, na kesi ni Jumatano ijayo. Shangazi yake, Bi Safaa wa Shela, alinifuata hadi kazini, wala hakunilaumu, aliniuliza tu kama naweza kwenda mahakamani kusema kwamba Ummu ni mtu mwema, nami nikamwambia nitaangalia. Kazini wanabishana kila wakati wa chakula. Mugambi wa ulinzi, ambaye kaka yake aliuawa katika shambulio la barabarani, anasema mpaka ukiachwa wazi ni sisi tunaozika. Kemunto wa jikoni anasema lawama ni ya serikali iliyomwacha mtoto akue bila karatasi. Bwana Owen anasema mtu mzima anajua anapovunja sheria. Mimi nakula nikiangalia sahani. Mume wangu Philip ni mwalimu, naye alisema juzi kwamba aliyempa huyo mwanamke kadi anastahili kukaa ndani pamoja naye. Hajui ni mimi.

Nina watoto wawili. Nikisema, kazi itakwenda na pengine nitafungwa. Nisiposema, mwenzangu atafungwa kwa jambo nililompa mkononi. Naomba uniambie, kosa hili hasa ni la nani, ni la aliyevuka, la aliyemvusha, la waliomnyima karatasi au langu mimi niliyemwajiri? Na nifanye nini? Namba yangu iko chini, tafadhali usiichapishe.

Chelangat, Ras Kitau

Bi Umulkheir anajibu:

Marahaba, mwanangu. Gazeti linatoka Ijumaa na kesi ilikuwa Jumatano, kwa hiyo sikungoja kuchapisha, nilikupigia simu siku ileile niliyoipata barua yako. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyofuata, na majina yote nimeyabadilisha.

Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipojificha. Sikupaona, na hilo nakupa heshima yake. Lakini tuambiane. Huruma uliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, ila ilikuja siku ambayo ulihitaji mtu wa kupiga pasi. Mfanyakazi asiyeweza kulalamika ni mfanyakazi rahisi, nawe ulimzoea hivyo. Kemunto ungeweza kumwomba abaki kazini Krismasi? Angekwambia ana watu wake wanamngoja, na ungemwacha aende.

Umeuliza kosa ni la nani. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nina jamaa Kiwayu na wengine ng'ambo ya mpaka, na mstari ule ulipigwa hao wakiwa wameshaoana, kwa hiyo usitarajie nimwite Ummu mgeni kirahisi. Hata hivyo Mugambi simcheki. Aliyemzika kaka yake ana haki ya kutaka kujua nani anaingia. Serikali ina haki ya kuuliza, na ina wajibu wa kumjibu mtoto wa miaka tisa kabla hajawa mtu mzima. Na baba yake, Mungu amrehemu, angeweza kuwahi kumwandikisha. Hayo tutabishana mimi na wasomaji, na hatutamaliza leo. Shtaka la pili ndilo lisilo na ubishi. Ummu hakukuletea karatasi ya uongo. Alikuletea ukweli, wewe ukampa uongo autumie, na alipoulizwa ukamwacha peke yake nao.

Ndiyo maana nilikwambia umweleze Philip siku hiyohiyo kabla ya chakula, na asubuhi yake uende kwa wakili, si kwa polisi wala kwa Bwana Owen. Ukaniuliza, "Na nikifungwa?" Nikakwambia sijui, wakili ndiye atakayejua, mimi siwezi kukuahidi kitu. Kisha ukaniuliza ofisi yake inafunguliwa saa ngapi.

Ulikwenda, na Philip alikwenda nawe, ingawa unasema njia nzima hakukusemesha. Jumatano ulisimama mahakamani ukasema kadi ulimpa wewe, na kwamba siku ile uani aliyedanganya ni wewe. Hakimu ameahirisha kesi, na Ummu yuko nje kwa dhamana ya shangazi yake. Wewe umesimamishwa kazi na polisi wameanza kukuchunguza. Sitakupamba kwa maneno matamu, kazi ile huenda isirudi.

Sasa sikiliza. Usiondoke Lamu kukimbilia Bomet. Ukiitwa, nenda na wakili wako. Bwana Owen mwandikie barua fupi ya kukiri, bila kumtaja mtu mwingine. Usipeleke kisa hiki kwa wenzako wa kazini ili wakuhurumie. Na kwa kuwa mchana huna shughuli, panda boti na Bi Safaa mwende Kiwayu, mkawatafute waliomwona Ummu akiwa mtoto, mwalimu, majirani, waliomzika baba yake, wakili aandike wanayoyajua. Shtaka la kwanza bado linamngoja, na huko ndiko anakohitaji watu.

Jana umenitumia ujumbe kwamba Ummu yuko Shela na unaogopa kwenda kumwona. Nenda. Usijitetee kwa kumtajia watoto wako, anawajua. Usimlilie akawa na kazi ya kukubembeleza. Keti, na akitaka kukukasirikia mwache akukasirikie mpaka amalize, maana kwa miaka mitatu hakuwa na nafasi hiyo.